Furaha, Kuhusu Zile Bastola Tatu

Furaha, mtoto wangu,

Nimechoka. Nianze na hilo, usije ukadhani mwandiko huu unayumba kwa sababu ya bia. Leo nimeyashusha masanduku yako ngazi zote hizi za nyumba yetu ya Saint-Gilles mpaka chini mlangoni, kisha maman yako akakumbuka kwamba hajatia sambaza kavu, wale samaki wadogo wa kumpelekea maman mukubwa wako Texas, nikayapandisha tena. Sasa yako sebuleni, yamefungwa, hakuna ruhusa ya kuyagusa. Wewe uko Flagey unaaga marafiki zako. Maman yako anapiga pasi chumbani na kuimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya mtu anayejizuia kulia. Jua la Juni bado liko kwenye vioo vya jirani, na mimi nimekaa jikoni na kalamu.

Nakuandikia Kiswahili cha shule ya mapadri, kwa sababu mkono wangu haujui kuandika kile tunachoongea. Utanivumilia. Mambo ya pasipoti, ya kupiga simu ukifika, ya kuvaa soksi nzito kwenye ndege, hayo maman yako ameyasema mpaka kuta zimeyashika. Mimi sirudii. Mimi nina jambo moja.

Jumatano tukiwa mezani ulitoa simu yako ukanionyesha mtu mwenye ndevu akilinganisha bastola tatu ndogo, zile za kubeba chini ya nguo. Ukaniambia, "Papa, weye njo unajua hii kazi. Dada Aline anasema nisikae kule bila kitu, juu nitakuwa natoka ku kazi usiku. Bon, kati ya hizi tatu, gani iko na détente ya muzuri?" Uliniuliza habari ya kifyatulio, na mimi nikasimama, nikakusanya sahani watu wakiwa bado wanakula, nikaenda kuziosha. Maman yako alibaki na uma hewani.

Ulidhani nimekasirika. Sikukasirika. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa naosha vyombo. Baadaye nilikusikia ukimwambia maman yako, "Papa anafikiri mimi ni mutoto." Hapana. Ungekuwa mtoto ningekukataza, nikalala usingizi wangu. Wewe ni muuguzi, una karatasi zako za ukaazi wa kudumu kule Texas, una akili kuliko mimi nilipokuwa na umri wako. Kesho kutwa utaingia dukani na mtu atakuwekea kitu hicho mkononi bila kuniuliza. Donc barua hii ndiyo jibu la swali lako. Zile tatu nitazisema moja moja, sitakuficha. Lakini kuna habari moja lazima ipite kwanza, na hiyo sijawahi kukuambia.

Unajua jinsi nilivyoingia kazi hii, ila unaijua kama ninavyoisimulia kwenye sherehe, ya kuchekesha. Bukavu nilikuwa fundi wa cherehani. Nilipofika hapa hakuna aliyetengeneza cherehani tena, watu wanatupa. Nikafagia, nikabeba, nikaosha magari, mpaka padri mmoja akanipeleka Auderghem kwa mzee fundi wa bunduki aliyekuwa anatafuta mtu mwenye mikono inayovumilia springi ndogo. Yule mzee, patron wangu, aliniwekea mezani sehemu za ndani za bunduki ya kuwindia, pini huku, springi kule, akaniambia nizirudishe. Nikazirudisha. Kwangu ilikuwa cherehani isiyo na uzi.

Watu wa parokia walicheka sana. Ati mtu amekimbia bunduki Kivu, amekuja kula mkate wa bunduki Ulaya! Kisha wakazoea. Maman yako hakuzoea. Mpaka leo hanikubalii kugusa mkate kabla sijasugua mikono kwa limau, na mimi nasugua, sibishani. Nilikuwa na jibu langu moja nililompa kila mtu. Nchi hii, nikasema, bastola haitembei kiunoni mwa raia. Inatoka nyumbani ikiwa tupu, ndani ya sanduku lenye kufuli, inaenda kwenye uwanja wa shabaha, inarudi. Nimezeeka nikigusa bastola ambazo haziendi popote. Jibu hilo lilinitosha kwa miaka mingi, na ndilo lililonifanya mjinga.

Kwa sababu kazi ile ni tamu, Furaha. Lazima nikuambie ukweli huo. Watu wanadhani kifyatulio ni kidude cha kubonyeza, basi. Kumbe kina safari. Kidole kinaanza na ulegevu, mahali ambapo chuma hakikatai kitu. Halafu kinafika kwenye ukuta, chuma kinasema simama. Ukiongeza nguvu kidogo ukuta unavunjika, na ile namna ya kuvunjika ndiyo wateja wanayoilipia. Kingine kinavunjika safi, ghafla, hata wewe mwenyewe unashtuka. Kingine kinaburuta, kinakwaruza, unasikia mchanga ndani. Kisha unaachia kidole, nacho kinarudi, na kurudi nako kuna sauti yake. Mimi nililainisha vyuma hivyo kwa jiwe la mafuta, nikabadilisha springi, nikajaribu, nikarudia. Mteja akivuta mara ya kwanza baada ya kazi yangu, akafumba macho na kutabasamu, nilirudi nyumbani kwa métro nikiwa mtu mkubwa.

Na wewe nilikuonjesha utamu huo. Unakumbuka zile kalamu za kubofya? Nilikuwa nakufumba macho kwa kitambaa cha maman yako, nakupa kalamu moja moja, unaniambia ipi nzito, ipi inakwama, ipi inaachia mapema. Hukukosea. Nilikuwa nawaita wageni waje waone. "Mutoto huyu ana kidole cha papa yake," wakasema, na mimi nikavimba kichwa. Sikukuonyesha bastola hata siku moja, nikajiona baba mwangalifu. Lakini Jumatano uliposema "détente", jina ambalo mafundi wanakiita kifyatulio, badala ya "gâchette" kama watu wengine, nilijua neno hilo limetoka kinywani mwangu. Yule mwenye ndevu wa kwenye simu amekuja mwisho tu, kuvuna.

Sasa Texas.

Nilikwenda kwa Aline, binti wa kaka yangu, kwenye ubatizo wa mtoto wake wa mwisho, unakumbuka, nikarudi mapema nikasema goti limenisumbua. Goti halikunisumbua. Jioni ya kuamkia sherehe wanaume walikuwa jikoni wanachoma nyama na kutaniana. Patient, mume wa Aline, akaniambia, "Papa mudogo, weye ni fundi, kuja utupatie avis." Walitaka maoni yangu. Wakaleta bastola mbili, wakazitoa risasi mbele yangu vizuri, wakaziweka juu ya meza kando ya unga wa bugali.

Ya Patient ilikuwa ya aina ya zamani kidogo, ndogo, nyundo yake imefichwa ndani. Kifyatulio kirefu, kizito, ukivuta unakwenda, unakwenda, unadhani hakifiki. Ya Aline ilikuwa mpya, nyembamba, na aliyemuuzia alikuwa amebadilisha springi ili iwe nyepesi. Nikavuta. Ee Mungu wangu, ilikuwa safi! Ulegevu mfupi, ukuta unaoeleweka, na kukatika kama kijiti kikavu. Nikavuta tena. Wanaume wote wananiangalia, na mimi mtu wa Auderghem nimepewa jukwaa. Nikawaeleza kila kitu, kwa nini hii inaburuta na ile haiburuti, nikawapa wote wajaribu, tukacheka.

Aline alikuwa anakata vitunguu. Akauliza bila kugeuka, "Papa mudogo, Patient anasema ya kwangu iko léger, nyepesi sana, ati nirudishe ile springi ya zamani. Weye unasema nini?"

Nikamjibu, "Usiiguse. Iko safi."

Ndivyo nilivyosema. Niliisifu kama kazi ya mikono. Sikumuuliza anaibeba wapi. Kwa nini ningeuliza? Bastola nilizozijua mimi zilikuwa zinakaa ndani ya sanduku lenye kufuli.

Kesho yake, baada ya misa, nyumba ilijaa. Wewe unazijua sherehe zetu. Mgeni hafiki mlangoni na mzigo wake, mtoto wa nyumba anakimbia kumpokea. Ndivyo nilivyokulea hata wewe. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaburuta sakoshi, mikoba ile ya mamans wa kwaya, kwenye korido yetu hii, wao wanakusifu kwamba umefundishwa. Kule Texas ni vilevile, hatukuiacha. Josué, mtoto mkubwa wa Aline, mwenye meno ya mbele yaliyong'oka, ndiye aliyekuwa zamu. Anachukua sakoshi, anazipeleka chumba cha kulala, anazitupa juu ya kitanda. Na juu ya kitanda hicho, kama kawaida, kulikuwa na makoti, na vitambaa, na watoto wachanga watatu wamelazwa wamejaa maziwa.

Aline alikuwa ametoka kufuata barafu. Akarudi, mikono yote miwili imeshika mifuko, sakoshi imening'inia kwenye kiwiko. Josué akaruka. "Karibu maman, leta sakoshi!" Aline akainamisha mkono, akampa. Alimpa kama anavyompa kila siku, Furaha. Hata hakufikiri. Mtoto anayepokea mzigo wa maman yake, nani anafikiri?

Mimi nilikuwa nimekaa na glasi. Nikaona jinsi mkanda wa sakoshi ulivyomvuta yule mtoto bega. Kwa kazi yangu najua chuma kinavyoning'inia. Na papo hapo kidole changu hiki cha kulia kikakumbuka kile kijiti kikavu cha jana.

Sikupiga kelele. Watu wengi, muziki juu, ningesema nini? Nilisimama nikamfuata. Korido ilikuwa na wamama wamesimama wanafunga vitenge vyao upya, napita, pardon maman, pardon maman. Nilipofika mlangoni Josué alikuwa anaizungusha sakoshi apate nguvu ya kuirusha. Akairusha. Ikaangukia miguuni mwa wale wachanga. Yeye akanipita akikimbia, mgeni mwingine amefika.

Nikaifungua. Bastola ilikuwa ndani hivihivi, bila ala yake, pamoja na kadi ya chanjo ya mtoto, biskuti, mafuta ya midomo. Na chapelet ya Aline, rozari yake, ilikuwa imejizungusha kwenye kifyatulio, shanga mbili zimeingia kabisa. Usinifanyie mahubiri juu ya chapelet. Ni uzi na shanga tu, ingeweza kuwa waya wa simu. Nilichokiona mimi ni ukuta. Uzi ulikuwa umeshakula ulegevu wote, umefika ukutani, umebaki pale umevutika. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo sana, na kama springi ingekuwa ile ya zamani, isingekuwa ndogo.

Nikaitoa polepole shanga moja moja. Nikatoa magazini, nikavuta nyuma chuma cha juu, risasi iliyokuwa ndani ikaruka ikaangukia shuka, katikati ya watoto wawili. Mmoja akanyonya hewa, akaendelea kulala. Nilikuwa bado nimeinama juu ya kitanda cha wachanga, bastola mkononi.

Na maman mukubwa wako akaingia.

Ulilelewa ukijua kwamba kaka yangu aliuawa nyumbani kwake. Hatukukuambia zaidi, na mimi sitaandika zaidi, ila hili: maman mukubwa alikuwa chumbani na watoto wakati ule, na Aline alikuwa mmoja wa watoto hao. Sasa amekuja kumwangalia mjukuu wake kama amelala, amefungua mlango, ameona mgongo wa mwanamume na bunduki juu ya kitanda. Hakupiga kelele. Alipiga magoti. Akasema, kwa sauti ndogo ya heshima, "Mubebe byote. Byote biko byenu. Muache tu batoto."

Alinisemesha kama tuko wengi. Nikageuka, nikamwambia, "Shemeji, ni mimi." Alinitazama usoni na hakuniona. Akarudia maneno yaleyale, mikono imeinuliwa. Mara ya tatu ndipo nilipokiweka kile kitu chini, nikapiga magoti mbele yake na mimi, nikamshika mikono, mpaka Aline alipokuja akatukuta hivyo wawili sakafuni. Sherehe ilikwisha muda huohuo. Watu walichukua watoto wao na sakoshi zao bila kuaga.

Usiku huo Aline na mimi tuligombana. Nilimwambia mambo makubwa, ati mama gani anaweka kifo na biskuti. Akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Papa mudogo, si ni weye ulisema nisiiguse?" Na akaniambia la pili, ambalo pia ni kweli: kwamba watu asiowajua walimpiga kwenye maegesho ya kazini, peke yake, wakamvunja jino, na kwamba mimi naishi mahali ambapo polisi wakiitwa wanakuja. Sikuweza kumcheka. Wewe pia usimcheke. Ni mtu mwema na amebeba mengi.

Lakini unajua alichobadilisha? Ile springi aliirudisha. Sakoshi bado anaibeba na kitu chake ndani, sasa kiko na ala. Na Josué amekatazwa kupokea mizigo. Siku nilipoondoka kulikuja mgeni, maman mmoja mzee, na yule mtoto akasimama mlangoni na mikono nyuma ya mgongo, anamtazama mzee anavyohangaika na mifuko yake. Aliona aibu. Mzee akadhani hajafundishwa. Hilo lilinichoma kuliko risasi iliyoanguka kwenye shuka, na mpaka leo sijui kulieleza vizuri.

Tangu niliporudi sijalegeza kifyatulio cha mtu yeyote. Nimemwambia patron vidole vinaniuma. Ananipa kazi za kusafisha, za kupaka mafuta, na mshahara umepungua kidogo, maman yako anadhani ni uzee. Mwambie ukweli ukitaka, mimi nimechoka kuuficha.

Kitu kingine, kidogo. Zamani, kabla ya haya yote, patron alinifanyia mzaha kwenye uwanja wa shabaha. Aliniambia nipande na kushuka ngazi mbio mpaka nikose pumzi, huku ananipigia kelele masikioni, kisha nipige shabaha na bastola ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeitengeneza. Mimi, mwenye kidole kinachosoma chuma! Furaha, sikuuona ukuta. Kidole kilikuwa kijiti. Nilivuta na sikujua kama nimevuta, mpaka niliposikia mlio. Tulicheka sana siku ile. Nilipaswa kurudi nyumbani na kufikiri. Kila tunalolisema juu ya kifyatulio, kitamu, safi, laini, tunalisema tumeketi, tumeshiba, moyo umetulia. Woga ukija unafuta yote hayo. Unabaki uzito tu, na umbali ambao kidole kinatakiwa kwenda kabla hakijarudishwa na akili.

Bon. Zile tatu zako.

Ile ya kwanza, ambayo yule mwenye ndevu aliisifu sana, yenye kitufe cha usalama cha kidole gumba na kifyatulio chepesi kinachovunjika kama kioo. Ndiyo tamu kuliko zote, hakudanganya. Ungeivuta dukani ungenipigia simu unacheka. Lakini inataka mtu ambaye gumba lake limezoezwa kila wiki, mwaka baada ya mwaka, na wewe baada ya kazi ya usiku huwa unasahau hata kuvua viatu. Iache.

Ya pili, ile inayofanana na ya Aline. Haina kitufe, ina kile kiulimi katikati ya kifyatulio. Ikitoka kiwandani si mbaya. Ukuta wake ni wa mpira kidogo, unasukuma unarudi, watu wanalalamika, ndiyo maana kila duka litataka kukubadilishia springi. Ukiichukua, usiruhusu mtu aiguse. Kulalamika kwao ndiko kunakokulinda.

Ya tatu, yule mwenye ndevu aliicheka. Akasema ni kama kuvuta gari lililozama. Kifyatulio kirefu, kizito, na bastola yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo ukivuta mkono wote unatikisika na shabaha inakwenda kwa jirani. Ni kweli yote. Bastola ndogo ina tabia hiyo, nguvu ya kuvuta kifyatulio inazidi uzito wake, na kidole chako kidogo kinabaki kinaning'inia chini bila pa kushika. Utaichukia. Itakuchosha kwenye mazoezi, na hutapiga vizuri mpaka upate malengelenge. Chukua hiyo, kama ni lazima. Ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, kwenye mwili wako, kamwe si ndani ya sakoshi. Na siku ya sherehe ibaki imefungwa kwa kufuli, kwa sababu sisi tunakumbatiana, tunafungana vitenge, tunabebeshana watoto, na hakuna mahali kwenye mwili wa mwanamke wa kwetu ambapo shangazi hafiki.

Hilo ndilo jibu la fundi. La baba ni fupi: usinunue. Omba zamu za mchana, lipa teksi, lala kazini, hama. Nimelisema mara moja, sitalirudia kwenye simu. Wazee walisema mtoto akililia wembe, mpe. Methali hiyo sijawahi kuipenda. Aliyeitunga hakuwa na kitambaa cha kufunga jeraha, au hakuwa na mtoto.

Lakini nakujua. Utanisikia, na siku moja umetoka kazini, kuna mtu amekufuata mpaka garini, utaamua peke yako. Nami nitakuwa hapa na bahari nzima katikati yetu. Siwezi kukuchukulia woga huo. Kwa hiyo naomba kitu kimoja tu, na hiki nakiomba, sikuamrishi.

Siku ukiwa dukani, kabla ya kusema ndiyo, angalia mwenyewe kama bastola iko tupu, utie kidole mahali pa risasi uhakikishe. Nipigie. Usijali huku ni saa ngapi. Usiniambie ni ipi, usinieleze lolote. Weka simu karibu, elekeza bastola mahali salama atakapokuonyesha muuzaji, uvute. Mimi nitasikia ulegevu ulivyo, ukuta ulipo, na jinsi ilivyokatika, nitakuambia kama mtu ameigusa. Sitakugombeza.

Na mlio ule, Furaha, ule mdogo wa chuma tupu, naomba uwe ndiyo sauti yake yote. Isiseme neno lingine mpaka nife, mpaka na wewe uzeeke, mpaka watu wakikuta kitu hicho kabatini waulizane kama kiliwahi kufanya kazi.

Nasikia funguo zako mlangoni.

Papa yako